Waridi la Kwenye Ndoo

Kwa miaka tisa Fundi Pindo aliwashonea aproni wanachama wa Chama cha Wapanda Waridi, na kwa miaka tisa hakuna hata mmoja aliyemwambia, karibu ujiunge nasi. Walikuja, wakasimama mbele ya kioo chake, wakapimwa kiuno, huku wakibishana habari za mbolea na wadudu juu ya kichwa chake kana kwamba yeye ni kabati. Na yeye ana pini mdomoni, angejibu nini? Lakini masikio hayakuwa na pini. Alisikiliza yote, na kila mwaka hamu ilimzidi.

Siku moja Mwenyekiti wa chama, mama mrefu mwenye sauti ya kuita watu waliovuka barabara, alikuja kujaribu aproni mpya. Fundi akatema pini zote kiganjani.

"Mwenyekiti, na mimi nataka kujiunga."

"Kujiunga na nini?"

"Na chama chenu."

Mwenyekiti akamtazama kupitia kioo. "Fundi wangu, una bustani wewe?"

"Nina balkoni."

Mwenyekiti akacheka. Tuseme kweli, halikuwa cheko la ubaya, lakini lilimkata Fundi maini. "Waridi si kitunguu, mwenzangu. Kwetu anayeingia analeta mti wake mwenyewe siku ya maonyesho, umestawi toka chini hadi juu, na vishada vitatu vya maua vimefunguka. Wenye bustani zao wanashindwa, sembuse wewe na balkoni?"

"Maonyesho lini?"

"Miezi mitano ijayo. Lakini fundi..."

"Nitaleta."

Basi, keshasema. Hata yeye alishangaa kujisikia.

Nyumbani kwake ni ghorofa ya tatu, alikoishi na mama mkwe wake, maana mume ni dereva wa lori na nyumbani huonekana wiki moja kwa mwezi. Balkoni yenyewe ni hatua mbili na nusu, na nusu ya hizo ni kamba za nguo.

"Umeahidi nini?" mama mkwe akauliza, akashika kiuno. "Mwanangu kaniachia mtu mwenye akili timamu. Akirudi nimwambieje?"

"Mwambie nimepanda waridi, mama."

"Ulipande wapi, kwenye mfuko wa kanzu?"

Muuza miche wa kona ya pili alimsikiliza vizuri zaidi. Alikuwa babu mwenye kofia iliyochakaa na mikono iliyochanwachanwa na miiba. Akamletea mche mmoja mfupi, mnene, wenye mashina matano. "Chukua huu. Waridi la pinki, la vishada. Halirefuki, litakoma hapa gotini, lakini likichanua linatoa maua kwa mafungu, sita, saba kwa tawi moja. Hili ndilo la watu wa ghorofani. Litie kwenye ndoo kubwa, uitoboe chini. Likishashika mizizi ulikate, litachipua kwa nguvu."

Alisema ulikate. Hakusema vipi. Na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Kuhusu kupanda, Fundi hakukosea kitu. Alipata ndoo ya rangi ya lita ishirini, akaisugua mpaka ikang'aa, akaitoboa matundu manane kwa msumari wa moto. Akachanganya udongo, mchanga na samadi iliyooza, mama mkwe akiziba pua na kutoa amri kutoka mlangoni. Baada ya wiki tisa waridi lilikuwa limeshika barabara, majani yanameta. Sasa ni wakati wa kukata.

Jamani, huyu mtu aliitwa Pindo kwa sababu mtaa mzima hakuna aliyekuwa na pindo nyoofu kama lake. Suruali ikitoka kwake, unaweza kuiwekea rula. Sasa mtu kama huyo ukimwambia akate, atakata vipi? Alichukua futi yake ya kitambaa, akapima inchi nane kutoka kwenye udongo, akaweka alama ya chaki kwenye kila shina. Kisha, kwa kuwa mkasi wake wa kazi haukuruhusiwa kugusa hata karatasi, akachukua mkasi butu wa jikoni, akayakata mashina yote matano sawasawa, bapa, kama meza. Akarudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa. Akaridhika kabisa.

Mvua zikanyesha siku sita. Maji yakatulia juu ya ile mikato bapa, na mashina, yaliyokuwa yamesagwa na ule mkasi butu, yakaanza kuwa meusi kuanzia juu. Weusi ukashuka. Wiki ya pili mashina matatu yalikuwa yamekufa, na majani yaliyobaki yangehesabika kwa mkono mmoja.

Mama mkwe aliangalia ndoo, akamwangalia mkwewe. Siku hiyo hakutania. "Pole, mwanangu," akasema, na hilo ndilo lililomliza Fundi kuliko yote. Alikaa kwenye kigoda katikati ya nguo zilizoanikwa akalia kwa sauti. Alijiona atakavyosimama tena na pini mdomoni, mwaka wa kumi, wa kumi na moja, akimpima kiuno mtu anayeongea na mwenzake.

Kesho yake akajikaza kisabuni, akaibeba ndoo mpaka kona ya pili.

Muuza miche akachungulia. Akavua kofia. Kisha akacheka mpaka akashika meza. "Mama, hili ulilikata au ulilishonea suruali?"

"Usinicheke, babu. Ulisema nikate."

"Haya, haya, kosa langu. Njoo uone." Akaokota kijiti cha waridi, akaonyesha. "Unaona hiki kidoa chekundu? Hili ni jicho. Tawi jipya linatokea hapa. Ukikata katikati, mbali na jicho, kile kipande cha juu hakina pa kwenda, kinakufa. Na hukati bapa. Unakata hivi, kwa kuinama, maji yateremke. Juu kidogo ya jicho linalotazama nje."

Fundi akasogea. Akakichukua kile kijiti, akakigeuza. "Mshazari," akasema.

"Nini?"

"Huko ni kukata mshazari! Babu wee, mimi nimekata mshazari tangu sina hata ndoa! Gauni gani linakaa vizuri mwilini bila mshazari?"

"Basi nenda ukalishonee gauni. Kata mpaka uone moyo mweupe. Na tafuta mkasi wa maana."

Alifika nyumbani akafungua droo, akautoa mkasi wake wa kazi, ule ambao mume mwenyewe aliwahi kufokewa kwa kufungulia nao pakiti ya biskuti. Mama mkwe akashika mdomo.

"Huo? Kwenye mti?"

"Huu huu."

Akakata. Mashina matatu yaliyokufa akayaondoa hadi chini kabisa. Mawili yaliyobaki akayashusha kidogo kidogo mpaka moyo ukawa mweupe, akaishia juu ya jicho linalotazama nje, mshazari safi ambao hata mwalimu wake wa ushonaji angempigia makofi. Zilibaki wiki tisa.

Siku ya kumi na mbili macho yakavimba. Ya ishirini, kulikuwa na matawi mapya mekundu, na moja likachomoza kutoka chini kabisa ambako hakuna aliyelitarajia. Jua liliingia balkoni upande mmoja tu, kwa hiyo kila asubuhi Fundi aliigeuza ndoo robo, kwa sauti ileile anayowapimia wateja: "Geuka kidogo. Tena. Hapo hapo." Mama mkwe, ambaye alikuwa hataki hata kusikia harufu ya samadi, sasa ndiye aliyefuta wadudu kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, huku akiwatukana mmoja mmoja.

Asubuhi ya maonyesho waliishusha ndoo ghorofa zote tatu, Fundi mbele akiikumbatia, mama mkwe nyuma akiyashikilia matawi kwa mtandio na kufokea kila anayepanda. Ukumbini mawaridi yalikuwa marefu, ya bustani za watu. Mengi yalikuwa yameoteshwa kando ya kuta, jua likiyapiga upande mmoja tu. Mbele maua, nyuma vijiti. Fundi aliiweka ndoo yake mwisho wa meza.

Mwenyekiti akaja. Akavaa miwani. Akahesabu: vishada vitano, kila kimoja kimejaa maua ya pinki yaliyobanana, na majani ya kijani kibichi hadi kwenye udongo. Akafunua majani kutafuta wadudu, hakuna. Akaigeuza ndoo. Akaigeuza tena.

"Fundi, mti huu nyuma yake iko wapi?"

"Hauna nyuma, Mwenyekiti."

Watu walianza kusogea. Mtu akasema, kwa sauti, "Hili ni la nani?" na mama mkwe akadakia kabla hajamaliza, "La mkwe wangu! La huyu hapa, mtazameni vizuri!"

Wakamtazama. Watu aliojua viuno vyao kwa inchi walimtazama usoni, wengine labda kwa mara ya kwanza, na wakamuuliza yeye: anamwagilia mara ngapi, ndoo ina matundu mangapi, amelikataje. Naye hakuwa na pini mdomoni. Aliwajibu wote, kwa raha zake, bila haraka. Furaha ilimjaa mpaka akahisi kama atapasuka mshono.

"Lakini Mwenyekiti," bwana mmoja akakohoa, "ndoo si bustani."

"Nilimwambia alete mti na vishada vitatu," Mwenyekiti akamjibu bila kugeuka. "Kaleta vitano. Wewe ulipojiunga ulileta vingapi?"

Bwana akarudi nyuma ya mti wake.

Mwenyekiti akamsogezea Fundi fomu na kalamu, na kiti chake mwenyewe. Fundi akakaa, akajaza kwa mwandiko wa taratibu. Mahali pa bustani akaandika: balkoni, ghorofa ya tatu. Ukubwa wa bustani akaandika: ndoo moja.

Mwenyekiti akasoma mpaka mwisho, akavua miwani, akagonga muhuri.