Bahari ya Tano

Mzee aliivunja bahari ya nne kwa nyundo, Jumatano asubuhi, kabla hata hajanywa chai.

"Hii si bahari!" alinguruma. "Hili ni shuka la hospitali!"

Jikoni, mke wa mwanawe, mpambaji wa keki, alisikia vipande vya jasi vikiruka mpaka kwenye kabati la vyombo. Hakujisumbua kutoka. Alishazoea. Meza yake ya kulia ilikuwa imetekwa na vita miezi mingi, na yeye na mumewe walikuwa wakila kwenye kochi, sahani mapajani, kama abiria.

Mtaa mzima ulimwita mzee huyo Kepteni. Ukweli ni kwamba melini alikuwa mchochea makaa tu, yeye na koleo lake, na kepteni mwenyewe alimwona mara chache, tena kisogo. Lakini jina likishakukaa, nani akuvue? Meli yao ilizamishwa vitani angali kijana. Sasa, mgane, meno hana, kazi hana, akaamua kuvijenga vita vile vyote upya juu ya meza ya watu. Manowari alizichonga kwa mabaki ya plastiki ambayo mwanawe, fundi wa meno ya bandia, alimletea kutoka kazini. Ndiyo maana chini ya ile rangi ya kijivu meli zote zilikuwa za waridi, rangi ya fizi. Mizinga ilikuwa sindano zilizokatwa, milingoti njiti za kiberiti. Moshi ulikuwa pamba. Na tangu aanze, jamani, mzee aliyekuwa haamki bila kubembelezwa sasa alikuwa anaamka akipiga mluzi!

Tatizo bahari. Na Jumapili alikuwa anakuja Kijiko.

Kijiko alikuwa mpishi wa meli ileile, na jina alilipata kwa sababu hakuna kitu kilichopita mbele yake bila kuonjwa. Wa meli nzima walikuwa wamebaki wawili tu, yeye na Kepteni. Mzee alitaka rafiki yake aitazame ile meza na kusema maneno mawili: ndivyo ilivyokuwa.

"Asiposema hivyo nachoma moto vyote," alisema, "na mtu asiniulize."

Mtu aliyeua bahari nne kwa nyundo si wa kutania. Akilini, mkwe wake alimwona tayari amerudi kitandani, uso ukutani, kama mwaka ule alipofiwa, na roho ikamuuma.

"Baba, bahari niachie mimi. Mawimbi si ndiyo kazi yangu?"

"Wewe? Vita si keki!"

Haya, ubishi wa nini? Ijumaa mchana, mzee alipolala ule usingizi wake wa kukoroma mpaka vioo vinatetemeka, mpambaji wa keki alifunga aproni. Sukari laini, ute wa mayai, matone ya ndimu. Rangi ya buluu, kijani kidogo, na tone la nyeusi, maana bahari ya vita haichekicheki. Aliumwaga mchanganyiko mezani, akautandaza kwa kisu kipana, akaanza kuvuta mawimbi kwa mgongo wa kijiko. Wimbi la kwanza lilisimama. La pili likasimama, likajikunja! Mkono ukakolea. Alipamba povu kila ncha, akazichimbia meli njia zake, na ile ya kina Kepteni akaizamisha pua, mkia juu, akaizungushia shira nyepesi ili maji ya hapo yang'ae. Alikuwa anacheka peke yake kama mwehu.

Mzee alipoamka alisimama mlangoni, akakodoa macho.

"Inatembea," akasema. Kisha akapiga kelele: "Bahari inatembea!" Akamshika mkwewe mikono wakazunguka kochi mara sijui ngapi, fimbo kule, kiatu kule. "Umetumia nini, wewe mwanamke?"

"Siri ya kazi, baba." Kisha, kwa kuwa furaha hulegeza ulimi, akauliza, "Mbona majini hakuna watu?"

Mzee aliacha kucheza. "Kwa kipimo hiki watu ni wadogo mno," alisema, akageuka kunyoosha bendera ambayo haikuwa imepinda.

Siku za mwizi ni arobaini. Za mpambaji wetu hazikufika hata tatu. Jumapili asubuhi alikuta sisimizi. Walikuwa wameshuka dirishani kwa pazia, wamepanda mguu wa meza, na sasa walikuwa wanaiteka manowari ya adui bila kupoteza hata mmoja.

"Puliza!" alimwambia mumewe. "Puliza taratibu!"

Mumewe alipuliza. Moshi wote wa vita uliruka ukamtua kichwani, akawa na mvi ghafla. Walicheka mpaka wakashikana wasianguke, machozi yakiwatoka, na hapohapo wakasikia hodi. Mungu wangu!

"Bado hujafa wewe?" Kepteni alikuwa anapiga kelele mlangoni.

"Nakungoja wewe, mkubwa utangulie!"

Kijiko aliingia na mkongojo wake, akavaa miwani, akainama juu ya meza. Mpambaji alifuata macho yake. Kuzunguka meli iliyokuwa inazama, kwenye ile shira, walikuwa wamejaa sisimizi, weusi, wanatapatapa, miguu juu. Mmoja alikuwa amekumbatia njiti ya kiberiti.

Kepteni naye aliwaona. "Nini hiki? Nani ame—"

"Nyamaza," alisema Kijiko. "Umetuweka. Njiani nilisema, yule bwana atajenga machuma yote, sisi atatuacha. Kumbe umetuweka." Akavua miwani. "Ndivyo ilivyokuwa."

Kepteni alivuta kiti karibu.

"Yule wa kwenye njiti ni wewe," alisema.

"Mimi? Na tumbo lile?"

"Hilohilo! Lingekuwa dogo ungezama."

Walicheka, wakafutana machozi kwa leso moja. Kisha Kepteni akanyoosha kidole. "Na yule pale... kijana wa redio."

"Alikuwa anakuita," alisema Kijiko.

"Alikuwa ananiita."

Mzee alichukua kijiti cha meno. Alikilaza majini polepole, karibu kabisa na yule sisimizi, akangoja. Sisimizi alipapasa, akashika, akapanda.

"Kapanda!" Kepteni aliruka kitini. "Kapanda, mwone!"

Kijiko alikuwa ameshachovya kidole, akakilamba. "Wee! Mbona tamu?"

Macho yote yakamgeukia mpambaji. "Baba, nisamehe, ni sukari ya—"

Mzee hakumsikia kabisa. Alikuwa anatia kijiti cha pili, na cha tatu.

"Lakini sasa sivyo ilivyokuwa," alisema Kijiko, huku naye anatafuta kijiti.

"Acha isiwe!" Na yule mchochea makaa, ambaye maishani hakuwahi kumwamuru mtu hata asogee, akasimama wima, akamgeukia mkwewe, akapaza sauti ikafika mpaka jikoni: "Mwanangu! Lete vijiti vyote! Asibaki mtu majini!"