Darubini ya Panya wa Tunnard

Clifford Tunnard alinichosha asubuhi nzima dukani, akichagua darubini ya kufunga kwenye bunduki yake ya upepo. Hii nzito, ile ina ukungu. Panya wa ghalani, alilalamika, sasa wanaingia hadi stoo ya jikoni na kumaliza pai za nyama, zilezile alizokatazwa na daktari.

Nikamletea ya kidijitali, inayoona mchana na usiku. Akaipenda papo hapo.

“Tena inarekodi video,” nikasema.

Mkewe Beryl, aliyekuwa kando yake, akasema, “Tufungie hiyo. Leo tunaielekeza stoo.”

Clifford akairudisha mezani taratibu. “Mpenzi, nahisi wale panya wameshahama.”

“Wahame wasihame,” akasema Beryl, “haradali yangu wanayopaka kwenye pai wairudishe.”