Sentensi ya Jirani

Kabla ya alfajiri nilisikia kishikio cha ndoo kikigonga bati, upande wa pili wa ukuta. Dobi, jirani yangu, alikuwa ameamka. Mimi sikuwa nimepata usingizi.

Jana yake, Jumatano, tulikuwa darasani. Sisi watu wazima tunajifunza Kiingereza katika chumba cha kusubiria cha zahanati, kwa mwalimu aliyekuwa muuguzi. Somo lilikuwa "give up". Mtu huacha sigara, akasema mwalimu, ni hayo maneno. Hukata tamaa, ni hayo. Humpisha mjamzito kiti, ni hayo hayo. Hata akimtoa mtoto alelewe na wengine. Maneno mawili tu, lakini yamebebeshwa mizigo kama punda.

Desturi yetu ni kwamba kila mmoja atoe sentensi ya kweli. Iliyo bora huandikwa ubaoni, nasi huinakili mara tano.

Kinyozi alisema ameacha sigara.

"Tangu lini?" akauliza fundi viatu. "Tangu ile ya mlangoni?"

Tukacheka. Zamu yangu ikafika, na kichwa kilikuwa kitupu kama debe. Nikataka sifa, na uzee wangu huu. Nikasema kwa Kiingereza kwamba jirani yangu alimtoa mwanawe mchanga.

Mwalimu akanipigia makofi, akaiandika ubaoni kwa herufi kubwa.

Jirani yangu wanamjua wote, naye aliketi ubavuni pangu. Siri ile aliniambia mimi peke yangu, siku niliyomzika binti yangu, ili nijue kwamba uchungu wangu anaufahamu. Fundi viatu hakutania tena. Dobi akashika penseli, akanakili mara tano kwa mwandiko wake mzuri. Penseli yangu ilipovunjika ncha, aliichukua, akanichongea, akanirudishia bila kuniangalia. Hapo nilitamani ardhi ipasuke.

Kulipopambazuka nikaenda kwake. Alikuwa anakamua shuka. Nikashika upande wa pili, tukakamua pamoja.

"Mwenzangu, nimekukosea. Sina cha kujitetea."

"Huna."

"Nilitaka mwalimu anisifu."

"Na mvi zote hizo, unatafuta alama ya vema kama mtoto wa chekechea."

Hakutabasamu. Nikainamisha uso, nikatazama maji yakitiririka miguuni petu.

"Maana zote zile alizotaja mwalimu," akasema, "hakuna hata moja inayosema kwamba mwezi huu mwanangu ametimiza miaka thelathini na mmoja."

Tukaanika shuka la kwanza, la pili, la tatu. Yeye ndiye aliyenipa kitambaa nijifute mikono.

"Darasani sirudi kwanza," akasema. "Lakini mashuka ya nyumba ya wageni hufuliwa kila Alhamisi, na mikono yangu ni miwili tu. Njoo tena Alhamisi ijayo. Ulimi uuache kwako."