Suti ya Jumatatu

Mgeni aliingia dukani kinyumenyume. Uso wake ulielekea barabarani, mikono kaishika nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa, kwa hiyo fundi cherehani aliuona mpasuko wa suruali kabla ya kuuona uso wa mwenyewe.

"Samahani, dada, nivutie pazia," alisema akihema. "Nikigeuka tu, mtaa mzima utanifahamu kuliko anavyonifahamu mume wangu."

Fundi aliegemea meza ya cherehani, akajiinua kwa awamu mbili kama alivyozoea, akavuta pazia la mlangoni. Kisha akampa mgeni shuka iliyofunika nguo zilizopigwa pasi. Mgeni alijifunga shuka, akavua suruali, akaiweka mezani na kuketi kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. Alikuwa mnene kuliko fundi. Jasho lilimtiririka shingoni. Raba zake zilikuwa zimelika upande mmoja wa kisigino.

"Unakimbia?" fundi aliuliza.

"Nikimbilie wapi na mwili huu? Natembea tu. Kila alfajiri kabla ya kazi. Mimi ni mpishi wa bweni la wanafunzi, kuonja ndiyo kazi yangu, kwa hiyo sina wa kumlaumu."

Fundi aligeuza suruali ndani nje. Kitambaa kilikuwa cheusi, cha kuvutika. Pale mapaja yanaposuguana kilikuwa kimelika hadi kinapitisha mwanga, na mshono ulikuwa umeachia kuanzia msambani hadi karibu na goti.

"Hii haishonwi tu ikaisha," alisema. "Inataka vipande vipya huku ndani. Iache, uje Jumamosi."

"Jumamosi mbali, dada. Naitaka kesho alfajiri."

"Huna nyingine?"

"Sina. Na nikitembea na gauni mapaja yanachubuka, narudi nyumbani nikitembea kama bata." Mpishi alicheka, halafu kicheko kikamwishia katikati. "Unajua, nimeshaanza na kuacha mara nyingi mimi. Huwa hivihivi. Siku ya kwanza nakosa kwa sababu ya kweli kabisa: mvua, mgonjwa, suruali. Siku ya pili naona aibu kwamba jana sikwenda. Ikifika ya tatu nimeshajiambia kuwa mimi si mtu wa mambo hayo. Najijua. Nisaidie nisiifikie hiyo ya kwanza."

Fundi aliendelea kuitazama suruali. Maneno hayo aliyajua yote. Alikuwa akidhani ni kichwa chake peke yake kinachoyasema.

Macho ya mpishi yalizunguka duka na kutua kwenye suti iliyotundikwa ukutani, ndani ya mfuko wa nailoni usio na hata chembe ya vumbi. Ilikuwa suti ya mazoezi, suruali na jaketi, ya bluu iliyokolea, kola imezungushiwa uzi mweupe kwa mkono.

"Haya, na huyu mwembamba mwenye bahati ni nani?"

Kabla fundi hajajibu, sauti nzito, ya polepole, ilitoka nyuma ya ukuta wa mbao unaotenga duka na chumba cha ndani.

"Ni ya mtu tunayemsubiri. Bado hajafika."

"Mama!" fundi alisema.

"Si ameuliza?"

Mama yake fundi ndiye aliyekuwa mwenye duka. Kiharusi kilimkuta kwenye cherehani hiyohiyo, akiwa katikati ya pindo la sketi, na tangu hapo mkono wake wa kulia ulikaa mapajani kama kitu alichopewa amshikie mtu. Mwanawe alirithi kiti, wateja, na mwishowe hata shinikizo la damu, ugonjwa uliotangulia ule mkono: muuguzi wa zahanati alimpima, akapima tena, akamwandikia vidonge na kumwambia bila kuzunguka kwamba vidonge peke yake havitoshi. Apunguze chumvi, atembee kila siku. Fundi aliitikia. Vidonge alimeza. Kutembea alisema ataanza Jumatatu.

Jumatatu ilipofika kulikuwa na sare za shule. Iliyofuata alisema hana nguo ya kutembelea. Ndipo akashona suti, na hapo akafanya kosa ambalo mtu asiyejua kushona asingeweza kulifanya: hakujipima. Alikata kwa vipimo alivyovitaka. Alijiambia suti nzuri kiasi kile itamlazimisha kuifikia. Sasa hakuweza kutembea mpaka suti imwenee, na suti isingemwenea mpaka atembee. Kinyozi wa duka la jirani, ambaye husikia kila kitu kupitia ubao unaotenga maduka hayo mawili, alishambadilishia jina zamani. Alimwita Fundi Jumatatu.

"Ni yangu," fundi alimwambia mpishi.

Alitegemea kicheko. Mpishi alitikisa kichwa tu, akaitazama suti tena. "Umeishona vizuri," alisema. "Basi twende wote kesho. Napita hapahapa."

"Mimi nitaanza Jumatatu."

"Ya mwaka gani?" kinyozi aliuliza kutoka upande wa pili wa ubao.

"Wewe kata nywele za watu huko!"

"Nakata. Mikono ndiyo ina kazi, masikio yamepumzika."

Mpishi alicheka mpaka shuka ikalegea. Akaikaza, akainuka. "Haya, mambo ya Jumatatu mtayamaliza wenyewe. Suruali yangu kesho alfajiri itakuwa tayari?"

"Itakuwa tayari," fundi alisema. "Nakuahidi."

Mpishi aliondoka na shuka ya watu kiunoni, akitembea taratibu kama bibi harusi, na kinyozi akamsindikiza kwa vigelegele.

Mchana fundi alikata vipande viwili kutoka kwenye mabaki ya sare za shule. Alivishona, akaingiza ngumi zote mbili ndani ya suruali na kuvuta. Kitambaa cha sare hakivutiki. Kilikaa imara, na ile nyeusi iliyochoka ikachanika pembeni yake kwa sauti kama ya mtu anayefungua bahasha. Alifumua. Alijaribu kipande cha fulana, kikavimba mahali pasipotakiwa. Akampigia simu muuza vitambaa.

"Ile ya kuvutika? Si wewe ndiye uliyebeba ile bluu mpaka kipande cha mwisho?" muuza vitambaa alisema. "Mzigo mwingine mpaka wiki ijayo."

Fundi aliweka simu chini. Hakuwa na namba ya mpishi ya kumwomba radhi. Angekuja alfajiri, angekuta suruali vilevile, na siku yake ya kwanza ya kukosa ingekuwa imetoka mikononi mwa fundi. Aliigeuza suruali huku na huku. Halafu akainua macho ukutani, akayashusha upesi.

"Hutaki kuiangalia," mama yake alisema. Alikuwa ameshika mwimo wa mlango kwa mkono mzima, fimbo ikining'inia kwenye kiwiko.

"Nimeshaiangalia."

"Kwa nini uliikata ndogo vile? Mimi sikukufundisha hivyo."

"Nilitaka inivute, mama."

"Suti haimvuti mtu. Inaning'inia tu pale."

Fundi alianza kuokota vipande vya uzi mezani, kimoja kimoja. Alipozungumza alizungumza na uzi. "Naogopa. Nitatembea, nitajinyima, watu watanicheka, halafu siku moja nianguke hapahapa ulipoanguka wewe. Nitakuwa nimehangaika bure. Bora nisianze, angalau nikianguka nijue ni kwa sababu sikujaribu."

Mama alivuta kiti kwa mguu, akaketi. Alichukua muda kupanga maneno. Siku hizi yalimtoka moja moja, kama watu wanaopita mlango mwembamba.

"Inawezekana ukaanguka," alisema. "Sitakudanganya. Lakini mimi sikujua kitu. Kichwa kiliniuma mwaka mzima nikasema ni macho, ni sindano. Hakuna aliyenipima. Wewe umepimwa. Umeambiwa. Wewe si mimi."

"Na nikitoka, nani atakaa na wewe?"

"Kwani mimi mtungi wa maji? Nitamwagika?" Mama aligonga fimbo sakafuni. "Usinifanye kisingizio mwanangu, nimeshachoka na kazi nyingine. Kinyozi anafungua alfajiri, nikihitaji mtu nitagonga ubao. Hata nisipogonga atasikia."

Upande wa pili mtu alikohoa.

Fundi alizoa uzi wote mezani kwa kiganja. Kisha akainuka kwa zile awamu zake mbili, akaishusha suti, akaivua mfuko wa nailoni. Akalilaza jaketi kifudifudi mezani. Mgongo wake ulikuwa kipande kimoja kizima, kisicho na mshono, cha kutosha mapaja ya mpishi na zaidi. Alilipitishia kiganja. Kola ile ilimchukua jioni nyingi kuliko gauni la harusi. Alishika mkasi, akauweka chini, akaenda kunywa maji, akarudi. Halafu akakata.

Mwanzoni mkasi ulikwenda polepole. Alipofika katikati ya mgongo mkono wake ulikuwa umeshakumbuka kazi.

Alivikata vipande viwili vya umbo la jani, akavikalisha ndani ya suruali nyeusi, akashona mara mbili na kuvipitisha tena kwenye mashine ya kuzungushia kingo. Aliingiza ngumi, akavuta kwa nguvu zake zote. Kitambaa kilikwenda na mikono yake, kikarudi.

"Leta niuone," mama alisema. Alipitisha kidole gumba juu ya mshono, mwanzo hadi mwisho, akamrudishia bila neno. Kwa mama yule, hiyo ilikuwa sifa.

Mezani ilibaki mikono miwili ya jaketi, vipande vya mbele na kola. Suruali ya suti ilikuwa bado nzima, bado ndogo. Fundi aliitazama, akaitazama mikono ya jaketi, akachukua utepe wa kupimia. Alikuwa ameuzungusha kwenye viuno vya wateja wasio na idadi, lakini chake hakukigusa tangu aliporithi kiti. Utepe ulimteleza nyuma.

"Njoo," mama alisema, akashika ncha moja kwa mkono mzima. "Soma."

"Sisomi kwa sauti. Kuna mtu ana masikio."

"Kiuno ni kiuno. Tumeshashona vikubwa kuliko hicho na vikapendeza."

Fundi alisoma kwa macho. Ilikuwa namba tu. Akaiandika kwa chaki mezani kama anavyoandika za watu wote, akafumua pembeni mwa suruali na kuingiza mikono ya jaketi, mmoja kila upande. Upande wa kushoto haukutosha, akamalizia kwa kipande cha kola. Kwa hiyo nyongani kukawa na mstari mweupe unaoanza bila sababu na kuishia hewani. Mama aliuangalia, akakunja uso, akasema hata hivyo hautaonekana giza likiwepo.

Giza lilikuwa linaondoka mpishi alipofika, amevaa gauni, shuka ya watu imekunjwa vizuri kwapani.

"Iko tayari?"

Fundi alimkabidhi. Mpishi aliingia nyuma ya pazia, akasikika akivuta, akichuchumaa, akisimama, akichuchumaa tena. Alitoka ameshika mapaja yake mwenyewe.

"Dada, hii inaniheshimu!" Halafu akainama kutazama ile bluu. Akageuka ukutani, kwenye msumari uliobaki mtupu. "Lakini hiki kitambaa..."

"Twende kabla jua halijatoka," fundi alisema.

Ndipo mpishi alipoiona suruali aliyovaa fundi, na fulana kuukuu juu yake. Alifungua mlango.

Nje, kinyozi alikuwa akifagia mbele ya duka lake. Fagio lilisimama. Aliangalia kutoka viatuni hadi ule mstari mweupe nyongani, na fundi akahisi joto likimpanda shingoni. Mguu wake mmoja ulikuwa bado ndani ya kizingiti.

"Fundi Jumatatu!" kinyozi aliita, kwa sauti ya kuamsha mtaa. "Umekosea kalenda! Leo Alhamisi!"

"Najua," fundi alisema. "Msikilizie mama yangu."

"Nimeshaanza tangu jana."

Kutoka ndani, fimbo iligonga ubao mara moja, kwa nguvu. Fundi alitoa mguu wa pili nje.

Walikwenda upande wa kituo cha mafuta. Mpishi alikuwa na hatua ndefu, na baada ya maduka machache fundi alibaki nyuma, kifua kikimpanda na kushuka, vidole vya miguu vikilalamika ndani ya viatu vya kwendea sokoni. Alitaka kusema inatosha kwa leo. Kichwani maneno yalikuwa tayari, yamepangwa vizuri, na yote yalikuwa ya kweli.

Mbele yake mpishi alitembea bila kugeuka. Ndani ya mapaja ile bluu ilijitokeza na kujificha, kila hatua. Fundi aliitazama kwa jicho la kazi, akisubiri ikunjamane, akisubiri uzi uachie. Walipita duka la dawa, wakapita karakana ambayo haijafunguliwa. Kwenye mwinuko kabla ya kituo cha mafuta mpishi alipanua hatua, na kitambaa kikavutika hadi mwisho wake.

Mshono ulishika. Fundi alifuata, akihema kwa mdomo, macho yakiwa palepale.