Minsimiti ya Bi Zakiya

Baada ya sala ya alasiri Bi Zakiya aliketi uani kwake, mtaa wa Shella, Malindi, akichambua shahamu ya figo la ng'ombe. Aliivua utando kwa kucha, kipande kwa kipande, akaitia kwenye mashine ya kusagia nyama iliyofungwa ukingoni mwa meza. Kando yake palikuwa na sufuria kubwa ya zabibu kavu, tende, matufaha yaliyokunwa na maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari, pamoja na mdalasini, karafuu na kungumanga. Mchanganyiko huo aliuita minsimiti, kama alivyousikia kwa marehemu mamake, aliyekuwa mpishi wa bibi mmoja wa Kiingereza. Pombe hakutia. Mahali pa pombe alitia maji ya ukwaju, akaufungia kwenye chupa mpaka Krismasi ikaribie, kisha akaujaza kwenye pai ndogondogo za kuuza. Krismasi haikuwa sikukuu yake, lakini ndiyo iliyomwezekea nyumba.

Sahla, mwanawe wa pekee, aliingia, akavua buibui na kuketi mkekani. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefumba kwa uvimbe, na shavu limevilia damu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo ni nini?"

"Chai ilikuwa ya moto mno."

Mara ya mwisho ilikuwa ya baridi. Bi Zakiya akamsogezea sufuria. "Nisaidie kukoroga," alisema.

Sahla akanawa, akatia mikono yote miwili na kuanza kukoroga. Ile alama ikaanza kuteremka. Ilitoka jichoni, ikapita shavuni na shingoni, ikashuka begani chini ya kanga, ikatokea kiwikoni, ikapita kiganjani na kuingia sufuriani. Minsimiti ikawa nyeusi kidogo kuliko mwanzo. Uso wa Sahla ukabaki umetakata kama siku ya harusi yake.

Bi Zakiya akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku.

"Maumivu yamekwenda?"

"Maumivu yapo, mama. Iliyokwenda ni alama."

"Alhamdulillahi. Angalau watu hawataona."

Mume wa Sahla alikuwa Faiz, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa sauti ya taratibu, ambaye hakosi safu ya mbele msikitini. Kila Idi alimletea mkwewe mbuzi. Bi Zakiya alipopata mtoto wa jicho, Faiz ndiye aliyempeleka Mombasa akafanyiwa operesheni, akamshika mkono njia nzima, akimwonya penye kila ngazi. Kwa hiyo kila alichokiona Bi Zakiya tangu siku ile, hata uso wa binti yake uliovimba, alikiona kwa hisani ya Faiz. Jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, halishuki wala halitoki.

Novemba nzima Sahla alikuja kukoroga. Siku nyingine alama ilitoka mgongoni, siku nyingine mbavuni, na mara moja ilikuwa chapa ya kiatu, ambayo ilichukua muda kupita begani kwa sababu ya ukubwa wake. Chupa zilijaa. Aliyezipanga rafuni ni Damaris, mwanamke wa Ganze aliyepanga chumba cha nyuma na kumsaidia Bi Zakiya kukanda unga.

"Bi Zakiya, yule mume anampiga," alisema Damaris.

"Hayo ni mambo ya ndani."

"Naam. Ya ndani ya chupa."

"Damaris. Funika kombe mwanaharamu apite."

Damaris akaifunika chupa aliyokuwa ameishika, akaikaza kifuniko, akachukua nyingine.

Pai zilitoka jikoni Desemba ilipoanza. Za kwanza zilikwenda hoteli moja ya Bofa, kule Kilifi, na meneja wake, jina lake Lewis, akapiga simu kesho yake.

"Bi Zakiya, wageni wamekula zile pai. Wameamka na macho yamevimba."

"Wanaumwa?"

"Wanasema wanaumwa. Wanasema pia hawajapata kula pai tamu kama hizi. Nitahitaji nyingine, mara mbili ya hizi."

Malindi nako watu walinunua, Wakristo kwa ajili ya sikukuu yao na Waislamu kwa ajili ya chai ya jioni. Mwalimu alinunua, muuguzi akanunua, askari mmoja wa kituoni akawanunulia wanawe na kula mbili njiani. Kama ilivyo ada, Bi Zakiya aliwapelekea wakwe wa Sahla sinia nzima. Baada ya siku chache mji ulikuwa na midomo iliyopasuka na mashavu yaliyovilia. Wanawake walijipaka poda, wanaume wakavaa miwani ya jua hata dukani ndani, na dawa ya kuchua ikaadimika. Kila shavu lilikuwa na chapa ya pete yenye jiwe la mraba. Pete ya namna hiyo ilikuwa moja tu mjini, na kila mtu aliyepeana mkono na Faiz msikitini alikuwa ameigusa.

Faiz mwenyewe hakupata alama yoyote. Hakupenda vitu vitamu.

Mambo yalipofika hapo, ami yake Faiz, mzee Abubakr, aliwaita mume, mke na Bi Zakiya nyumbani kwake. Alikuwa na jicho moja jekundu, na chapa ya mraba shavuni. Waliketi kwenye zulia, kahawa ikamiminwa, na Sahla akaulizwa analotaka.

"Nataka kubaki kwa mama," alisema. "Sitaki kitu chake chochote. Nataka kulala tu."

Mzee Abubakr akaligusa shavu lake mwenyewe kwa ncha ya kidole. "Dini haimruhusu mtu kumuumiza mkewe," alisema. "Hilo lijulikane. Faiz, una neno?"

"Nimekosa, Ami. Ni hasira. Haitarudi."

"Basi, na sulhu ni heri. Lakini mama mtu yupo, na yeye ndiye mwenye mtoto. Bi Zakiya, sema wewe. Ukisema abaki, atabaki."

Wote wakamgeukia. Bi Zakiya alimtazama Faiz aliyekuwa ameinamisha kichwa, akamtazama binti yake, ambaye uso wake haukuwa na doa. Ungekuwa na doa, pengine angesema jingine. Alifikiria mbuzi wa Idi, alifikiria majirani, alifikiria ule mkono uliomwongoza njia nzima ya Mombasa. Alipofungua mdomo, neno lililotoka lilikuwa lile aliloambiwa yeye na mamake, zamani.

"Rudi kwako, mwanangu. Mume ni stara."

Sahla akainuka, akavaa buibui lake.

"Haya, mama," alisema.

Tangu siku hiyo Faiz alimkataza kwenda Shella. Lakini alama zilikuwa zimeshaijua njia, hazikuhitaji tena sufuria. Zilikwenda moja kwa moja kwa waliokula.

Siku ya Krismasi, wageni wa hoteli ya Bofa walikuwa mezani, kwaya ikiimba kando ya bwawa la kuogelea, vichwa vyote vikageuka kulia kwa mpigo mmoja. Miwani iliruka, uma zikaanguka, na mama mmoja mtu mzima akatema damu kwenye leso. Waimbaji wawili waliokuwa wamepewa pai walianguka, waliobaki wakamaliza ubeti. Lewis, akiwa amejishika taya, aliagiza vitambaa safi vya meza. Kisha likaja teke, na nusu ya wageni wakajikunja viti vikapinduka. Aliyevunjika ubavu alipelekwa hospitalini, na wengine wakaletewa wali na kuku. Huko Ganze, Damaris alipigwa akiwa kanisani, pamoja na shangazi zake wote aliowapelekea pai, akaketi sakafuni mpaka sala ikaisha. Hakuna aliyeuliza sababu, kwa kuwa sababu ilijulikana.

Bi Zakiya, ambaye huonja kila pai zinapoiva, pigo lile lilimkuta jikoni. Lilimtupa ukutani, jino likamtoka. Akalitema, akasukutua, akavaa buibui. Alifika mlangoni, akashika komeo. Alijiambia akienda atamwaibisha binti yake mbele ya majirani. Alijiambia hasira ya Faiz huwa inapita, na hii imeshapita. Pai za Mwaka Mpya zilikuwa motoni. Akavua buibui, akazigeuza.

Ilikuwa siku chache baadaye, asubuhi, saa ya chai. Bi Zakiya alikuwa akijimiminia kikombe alipohisi vidole shingoni. Vilikuwa vidole virefu, kimoja kikiwa na pete, na alivijua, kwa maana alikuwa amevishika mwenyewe njia nzima ya Mombasa. Birika likamtoka mkononi. Vilikaza. Sokoni muuza nazi alipiga magoti juu ya nazi zake. Mwendesha bodaboda aliingia mtaroni na abiria wake, wote wawili wakijishika koo. Askari alilala juu ya meza ya kituo. Mzee Abubakr alikuwa akisoma gazeti barazani, miguu ikaanza kuipiga sakafu, kiatu kimoja kikamvuka. Hotelini Bofa wageni walilala kwenye mchanga kama samaki waliomwagwa kutoka wavuni. Ilichukua muda mrefu kuliko mtu anavyodhani shingo yaweza kuvumilia.

Kisha vidole vikaachia. Waliokula wakavuta pumzi. Sahla hakuvuta.

Bi Zakiya alipofika kwa Faiz, mikeka ilikuwa imeshatandikwa nje na wanaume wamekaa, kola za kanzu zimefungwa mpaka juu. Faiz alisema mkewe ameteleza bafuni. Daktari aliyeitwa alimtazama marehemu, akaitazama shingo yake kwa makini, upande huu na upande huu. Ilikuwa safi, haina hata mkwaruzo. Huku akimtazama, daktari alikuwa amejifunga skafu, na juani kulikuwa na joto la kuyeyusha lami. Askari naye akaja. Kwenye shingo yake palikuwa na alama za vidole vinne upande mmoja na kidole gumba upande wa pili. Aliuliza kwa ishara maiti ina alama gani, daktari akamtikisia kichwa, akaridhika.

Wanawake walimwosha. Bi Zakiya ndiye aliyemimina maji. Alimpitishia mkono shingoni, mgongoni, mbavuni, akitafuta, na kila alipopapasa palikuwa laini kama alivyomzaa. Alama zote zilikuwa kwa hao waliokuwa wakimwosha.

Mchana watu walijaa. Damaris aliwahi kurudi kutoka Ganze, akapenya mpaka mbele ya askari na wazee, akafungua mdomo kusema. Ikatoka pumzi tupu. Akajaribu tena. Mzee Abubakr naye akajaribu, akaishia kukohoa. Koo za wote waliokula zilikuwa zimesagika, na waliokula walikuwa mji mzima. Rambirambi zilitolewa kwa kugusa kifua. Hata dua ilisomwa kwa midomo.

Sauti iliyosikika nyumba nzima ilikuwa ya Faiz peke yake, taratibu na safi, akiwaeleza wageni jinsi sabuni ilivyokuwa sakafuni. Alipomaliza, alipita kwa upande wa wanawake, akainama mbele ya mkwewe na kumpa gilasi ya maji.

"Pole, mama. Kunywa. Subira."

Bi Zakiya aliipokea kwa mikono miwili. Alimtazama usoni vizuri, kwa lile jicho lililotibiwa Mombasa. Kisha akanywa, kwa taabu, funda dogo dogo, na kila funda lilipita chini ya alama za vidole vya Faiz.