Upande wa Magari

Kwa miaka kumi na moja kiwanda kizima kilimwita Dada Rejista, maana hakuna aliyepata kumwona bila lile daftari lake kubwa la jalada jeusi kwapani. Kiwanda kilikuwa cha maziwa. Malori yalitoka alfajiri na kurudi adhuhuri, na kila moja lilipoingia getini yeye alikuwa ameshasimama kwenye jukwaa la kupakulia, kalamu mkononi: njia ipi, dereva nani, lita ngapi zimepokelewa madukani, lita ngapi zimerudishwa kwa kuchacha. Aliandika kwa mwandiko safi, hakukosea, na madaftari yakijaa yalipelekwa stoo kulala na vumbi.

Siku moja uongozi ukaamua kwamba rejista za miaka mitatu ya nyuma ziingizwe kwenye kompyuta na zianze kutoa majibu. Akaletwa mwalimu wa wiki nane, msichana mwembamba wa miwani, rika moja na binti yake wa kwanza. Madereva wakapata la kucheka. Wakasema Dada Rejista anarudishwa chekechea. Yeye akajikaza kisabuni na kukalia kiti cha mbele.

Mwalimu hakuanza na kompyuta. Aliweka mezani mche wa sabuni ya kufulia na kisu. Akasema rejista ni kama uso mmoja wa mche huo, unaona urefu na upana, basi. Lakini maziwa yaliyochacha yana habari zaidi ya hapo: yana siku, yana njia, yana dereva, yana aina, ya pakiti au ya chupa. Kila habari ni upande. Ukizishikanisha pande zote unapata mchemraba wa data, na mchemraba unaukata utakavyo. Akakata kipande, akasema huu ni mwezi wa tatu peke yake. Akakikata tena, huu ni mwezi wa tatu kwenye njia ya mlimani. Akakata mara nyingine, na kilichobaki kiganjani kilikuwa kidogo kama dadu: mwezi wa tatu, njia ya mlimani, chupa tu.

Dada Rejista alielewa palepale. Kuujenga ndiko kulikomtoa jasho. Ilibidi litengenezwe jedwali kuu la lita, kisha majedwali madogo ya pembeni, la siku, la njia, la dereva, la bidhaa, na kila moja lishikane na lile kuu kwa namba yake. Namba moja ikikosewa, lita mia tano zinayeyuka, na mwalimu anatingisha kichwa. Lakini wiki ya tatu alianza kuuliza maswali. Nipe lita zilizochacha, kwa kila njia, kwa kila mwezi, siku za joto tu. Anabonyeza, anangoja kidogo, jibu linatoka. Yale aliyoyaandika kwa mkono wake bila kujua yanasema nini, sasa yalikuwa yanasema. Alirudi nyumbani akimsimulia mumewe mpaka chakula kikapoa.

Mwalimu akataka upande wa tano, wa magari. Hapo ndipo pagumu. Namba za magari hazikuwamo kwenye rejista; zilikuwa gereji, kwenye kitabu cha fundi mkuu, kitabu chenye madoa ya grisi na mwandiko kama kuku amepita na miguu ya matope. Kuzilinganisha siku kwa siku kungekula zaidi ya wiki, na meneja alikuwa amekwisha kusema anataka kuuona mchemraba Alhamisi. Tena kulikuwa na fununu ya cheo kipya, mchambuzi, chenye chumba chake na dirisha.

Dada Rejista akamwambia mwalimu kwamba pale madereva hubadilishana magari ovyo, upande huo hautaonyesha kitu. Haikuwa kweli, na alijua si kweli. Lori namba saba lilikuwa na dereva mmoja karibu siku zote za mwaka, kwa sababu wenzake walilikimbia, na dereva huyo alikuwa shemeji yake.

Kazini aliitwa Taratibu kwa jinsi alivyoendesha. Alikuwa kaka mkubwa wa mumewe, ndiye aliyemlea baada ya baba yao kufariki, na watoto wa Dada Rejista walimwita Baba Mkubwa. Kila Jumapili mchana alikula kwao. Na mara ngapi, akiwa anasubiri sahani yake, amelalamika kwamba friji ya namba saba inakohoa lori likianza kupanda mlima? Dada Rejista aliyasikia hayo kwa masikio yake, mwiko ukiwa mkononi.

Alhamisi wakuu wote walijaa chumba cha mikutano. Projekta ikawashwa. Alionyesha miezi, akaonyesha njia, sauti yake ikiimarika kila hatua. Kisha meneja akamwambia akate kwa dereva. Akakata. Nguzo za rangi ya buluu zikapanda ukutani, nyingine fupi, nyingine fupi kidogo, na moja ikapanda mara tatu ya wenzake. Chini yake palikuwa na jina la shemeji yake.

Meneja akasema mambo yamejieleza yenyewe: mtu anaendesha kama anabeba mayai, maziwa yanapigwa jua njia nzima. Akamgeukia na kumuuliza kama ana uhakika.

"Namba ndizo hizo, bosi," alisema Dada Rejista.

Wakampigia makofi.

Jumatatu Taratibu alivuliwa usukani alioushika miaka kumi na tisa, akapelekwa uani kuosha makreti. Alijaribu kuitaja friji. Meneja akamjibu kwamba kila dereva hulisingizia gari lake. Fundi aliliwasha lori pale uani, baridi ikatoka vizuri. Kabla ya wiki kwisha vijana wa upakiaji walikuwa wamembatiza jina jipya, Bwana Mtindi. Dada Rejista naye akapewa chumba chenye dirisha, na dirisha lenyewe lilitazama uani.

Jumapili ile alidhani shemeji yake hatakuja. Alikuja, saa yake ileile. Alisema amekwenda kupima macho, daktari hakuona kasoro, lakini labda ni umri tu.

"Mashine haina ugomvi na mtu," alimwambia mdogo wake. "Ikisema ni mimi, basi ni mimi. Miaka yote hii najisifu, kumbe nawachachishia watu maziwa yao." Halafu akamtazama Dada Rejista. "Na wewe shemeji, ahsante. Mwingine angenificha kwa ajili ya undugu. Umefanya kazi yako."

Dada Rejista akainuka akasema anakwenda kuangalia jiko. Jikoni alifungua bomba, maji yakatiririka kwenye sinki tupu, na yeye akasimama hapo mpaka mumewe alipokuja kuuliza kama kuna chombo kimevunjika.

Kuanzia kesho yake alianza kupitia gereji saa ya chakula cha mchana. Alimwambia fundi mkuu anataka kukamilisha kumbukumbu. Akakikalia kile kitabu cha grisi siku kwa siku, miaka mitatu, anapitisha rula chini ya kila mstari. Hakula mchana kwa siku kumi na mbili. Alipomaliza alitengeneza jedwali la magari, akalishikanisha na jedwali kuu, akauliza swali moja: lita zilizochacha, kwa kila dereva, kwa kila gari.

Jibu lilikuja haraka. Siku chache ambazo Taratibu aliazimwa lori jingine, maziwa yake yalichacha kidogo kuliko ya dereva yeyote kiwandani. Dereva mwingine yeyote aliyepanda namba saba, hata kwa siku moja, alirudi na maziwa yaliyokatika. Na kijana mmoja mwenye mbio, aliyepewa namba saba baada ya Taratibu kuvuliwa usukani, alikuwa anaharibu zaidi, pamoja na mbio zake zote.

Alifunga skrini kama mtu aliyekutwa akipekua mfuko wa mwenzake. Siku nne hakusema. Alijiambia anahakikisha namba, akazihakikisha mara tatu, zikabaki zilezile. Alijiambia anangoja mwalimu amalize mkataba, asije akamharibia binti wa watu. Kila alipoinua kichwa, dirishani alimwona shemeji yake ameinama na mpira wa maji, suruali imelowa hadi magotini.

Siku ya tano mumewe alimwambia, wakivaa kwenda kazini, kwamba kaka ameamua kustaafu mapema. Barua ilikuwa tayari, angeipeleka Ijumaa. Alitaka kuondoka kabla hajafukuzwa.

Mchana wake Dada Rejista alishuka uani. Makreti yalikuwa yamepangwa kama ukuta, na nyuma ya ukuta ule hapakuwa na mtu ila yeye na shemeji yake.

"Shemeji, si wewe. Ni lori."

Taratibu aliendelea kusuuza. "Nani kasema?"

"Mchemraba. Nimeongeza upande wa magari."

"Mara ya kwanza haukuwamo?"

"Haukuwamo."

"Ulisahau?"

Njia ya kutokea ilikuwa hiyo, imefunguliwa na mwenyewe, tena kwa upole. Angesema ndiyo, angesamehewa papo hapo.

"Sikusahau. Niliuacha niwahi Alhamisi. Na nilikuwa nimeshakusikia nyumbani ukisema friji inakohoa."

Taratibu alikwenda kufunga bomba. Akarudi akikausha mikono kwenye shati, taratibu, kidole baada ya kidole. Hakupandisha sauti.

"Basi usiniambie mimi peke yangu. Waambie wao. Wote, na mimi nikiwepo."

Asubuhi iliyofuata, madereva walipokusanyika kupangiwa njia, Dada Rejista aliomba nafasi ya kusema. Alisema yote, na ile sehemu ya kwamba alijua. Hakuna aliyecheka. Meneja uso ulimvimba, lakini akaagiza lori lipakiwe na fundi alipandishe mlimani. Waligundua kwamba mlima ukianza tu, kompresa ya friji ilikuwa inazima, na lori likifika tambarare inajiwasha yenyewe kama haina hili wala lile. Ndiyo maana uani ilikuwa salama.

Taratibu alirudishiwa usukani, lori jipya zaidi. Lile jina la Bwana Mtindi halikufutika. Vijana walikuwa wamelizoea na yeye mwenyewe akalizoea. Dada Rejista aliandikiwa barua ya onyo, lakini akaachwa kwenye chumba chake, kwa kuwa mwalimu alikwisha kuondoka na hapakuwa na mwingine wa kuuliza mchemraba maswali. Angefukuzwa angepumua. Badala yake aliketi kila siku kwenye chumba kilekile alichokipata kwa kuchafua jina la mtu mwingine.

Jumapili zikapita bila Baba Mkubwa. Mumewe hakumlaumu kwa maneno. Alikwenda kwa kaka yake peke yake, akarudi akiwa ameshiba.

Miezi mitatu baadaye, adhuhuri moja, Taratibu aligonga mlango wa kile chumba, kofia mkononi. Hakuketi. Aliuliza kama mchemraba unaweza kujibu swali lake pia. Akaambiwa unaweza. Alitaka kujua ni siku ngapi, kwenye miaka ile mitatu, alizofikisha maziwa yote bila kurudishiwa hata pakiti moja, pamoja na ubovu wa lori lile.

Dada Rejista aliliandika swali, akakosea, akalifuta, akaliandika tena. Jibu lilikuwa siku mia mbili na kumi na mbili. Taratibu aliomba lichapwe kwenye karatasi. Akaisoma karatasi kwa muda mrefu, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati.

"Ahsante, shemeji," alisema, akatoka.

Jumapili hiyo Dada Rejista alipika cha kutosha mtu mmoja zaidi. Hakuja. Jumapili iliyofuata akapika vilevile, akaweka na sahani.