Mshenga wa Moto na Maji

Unageuza uso. Ndiyo, wewe. Kila asubuhi unapita kando ya kisima chetu, kile alichokifunga diwani kwa kufuli, unajifanya unatafuta kitu mfukoni. Basi sikiliza, maana usiku wa jana niliota, na leo saa nne tunakutana na huyo diwani hapo kisimani.

Niliota mkutano wenyewe. Nasimama, nafungua mdomo, unatoka moshi. Nywele zinawaka. Watu wanakohoa na kuondoka, kama mikutano yote iliyopita. Diwani ananipungia mkono kwa upole.

Pembeni yangu amekaa bibi aliyejifunga kanga za njano.

"Moto wako uko ghorofani, baba," anasema. "Jiko liko chini. Tushuke."

"Wewe nani?"

"Nia yako. Wale wahenga wa Kichina wa njia ya Tao, unaowasoma mpaka mafuta ya taa yanaisha, wananiita mshenga. Nimetumwa kumposea Moto. Mchumba ni Maji."

Tunashuka kooni kwa ngazi. Moyoni tunamkuta Moto, suti nyekundu, amechelewa harusi yake mwenyewe.

"Mimi huwa napanda tu," anasema.

"Ndiyo maana hujaoa."

Kwenye figo, Maji amejifunika shuka jeusi. "Mimi huwa nateremka tu."

"Utazeekea hapo, mwanangu."

Bibi anamvuta huyu, anambembeleza yule. Chini ya kitovu changu kuna mafiga matatu na sufuria. Moto anawekwa chini, Maji juu yake.

"Na kuni?" nauliza.

Kuni zinaingia zenyewe, zimepanga foleni. Ni kumbukumbu zangu. Ule mwaka vibanda vyetu vilipovunjwa. Ile siku mama alipoanguka na ndoo njia ya mtoni.

"Tuingie sote!" zinapiga kelele.

"Mmoja mmoja," anasema bibi. "Hakuna atakayetupwa."

Naikodolea macho sufuria. Inafura, inamwagika.

"Unaunguza."

Nageuza uso. Moto anaanza kuzimika.

"Sasa umemtelekeza."

"Nifanyeje basi, bibi?"

"Hujamwona mama anasuka ukili wa mkeka, mtoto kalala kando? Hamkodolei macho. Lakini mtoto akikohoa tu, mkono umeshafika."

Nakaa hivyo. Sufuria inaanza kuimba. Mvuke unapanda uti wa mgongo, unazunguka kichwani, unanidondokea ulimini, mtamu. Jiko limekuwa kisima, watu wote wapo. Nafungua mdomo. Safari hii yanatoka maneno, moja moja, yameiva. Hakuna anayekohoa. Diwani anapapasa mifuko, anatafuta ufunguo.

Nikaamka. Kumekucha. Mke wangu Tunu ananitazama tumbo.

"Baba Riziki, ulilalia sufuria?"

Chini ya kitovu pana duara la masizi, bado lina joto. Nikaligusa, kidole kikawa cheusi.

"Nenda ukaoge," akasema.

"Kwa maji yapi?"

Akachukua ndoo, akajifunga kanga. "Twende huko kwenye mkutano wako. Ila leo usinitie aibu."

Sijaoga. Hasira yangu ninayo yote, sijasahau hata siku moja, ila imekaa chini ya sufuria. Mimi nilikuwa nakodoa macho, wewe ulikuwa unageuza uso, na kisima kikabaki na kufuli lake. Mimi nimeacha. Na wewe acha. Inuka, chukua ndoo, njoo kisimani sasa hivi.